Je, Wajua? Mgonjwa wa jelatini

Mwanafunzi wa udaktari mjini Likasi, Katanga, anaweza kuzoeza mkono wake kwenye ekografi, yaani picha za mawimbi ya sauti, bila kumsumbua mgonjwa hata mmoja. Anahitaji tu mashine, sufuria na jelatini. Ikishaganda, jelatini hupitisha mawimbi ya sauti kwa kasi inayokaribia ile ya nyama laini za mwili, takriban mita 1,540 kwa sekunde. Kidole cha glavu kikijazwa maji, kikafungwa na kuzamishwa humo, kwenye skrini huonekana kama mshipa wa damu: duara jeusi, tayari kwa sindano. Unga kidogo huleta ukungu wa kijivu kama wa ini. Bila ukungu huo, zoezi huwa rahisi mno. Viputo vya hewa ndivyo vinavyoharibu kazi, kwani hurudisha mawimbi na kutupa kivuli.

Mazoezi yarudiwe hata mara mia, hakuna mionzi.

Tatizo ni joto. Jelatini hulegea kwenye nyuzi 30 na kitu, na Oktoba ya Katanga haina huruma. Mimi ningechagua agari ya mwani: hupasuka upesi, lakini haiyeyuki mpaka nyuzi 85 hivi.