Maji na Mabibo katika Injini ya Tabo

Kila msimu wa korosho, huko Lisekese na kwingineko wilayani Masasi, mabibo mengi huozea chini ya mikorosho. Mengine hukamuliwa, yakachachushwa na kutoneshwa kuwa nipa, kileo ambacho sheria hairuhusu kukitengeneza bila leseni. Je, alkoholi hiyo yaweza kulifaa gari la dizeli lipandalo uwanda wa Makonde kuelekea Newala?

Tabo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, lakini hewa ikishindiliwa hupata joto. Hewa ya nyuzi 27 za sentigredi, kanieneo yake ikiongezwa maradufu, hufikia nyuzi 93 hata katika mtambo usiopoteza nishati. Katika tabo halisi huzidi hapo. Hewa ya moto hutanuka, oksijeni katika kila lita ikapungua, na gari lililolemewa mlimani likatoa moshi mweusi.

Dawa moja ni kunyunyiza maji mithili ya ukungu katika bomba la hewa, baada ya tabo. Maji hayaungui; kazi yake ni kunyonya joto yanapogeuka mvuke. Gramu 1 hunyonya kilojuli 2.3 hivi. Basi gramu 17, zikigeuka mvuke zote, hupoza kilo 1 ya hewa kwa nyuzi 40 hivi, hesabu ambayo mwanafunzi wa fizikia aweza kuihakiki mwenyewe.

Alkoholi hunyonya chini ya nusu ya joto hilo, ila yenyewe huungua na kuongeza nguvu. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani walitumia MW 50, yaani takriban nusu maji na nusu methanoli, katika ndege zenye injini za petroli. Methanoli ni sumu ipofushayo. Alkoholi ya mabibo hasa ni ethanoli. Tena hapa hakuna haja ya kuiondolea maji yote, kazi iliyo ngumu katika utoneshaji. Lakini nipa ghafi huwa na asidi ilayo metali, na alkoholi haiwaki upesi kwa mshindilio: ikizidi, mwako huchelewa, kisha hulipuka kwa kishindo.

Maji yafaayo ni ya mvua, kwa kuwa hayana chumvi ya kuziba nozeli. Juu ya uwanda, ambako maji ni haba, wako wengi wa kuyadai kabla ya injini.

Pampu ifunguke tu tabo inaposukuma kwa nguvu. Vali ikivuja gari likiwa limeegeshwa, maji hukusanyika katika silinda, nayo hayashindiliki. Dereva akiwasha, konrodi hupinda.