Njia Ikikatika: Mteja, Dereva na Kampuni ya Uchukuzi

Ndugu madereva, mataniboi na wapakizi wa Arua na Koboko,

Mizigo yetu hutoka mbali. Kontena hushushwa Mombasa, huingia Malaba, huvuka Naili pale Pakwach ndipo ifike Arua. Nyingine huendelea Koboko hadi mpaka wa Oraba. Njia ikikatika popote, mwenye duka hukaa bila bidhaa na dereva hulala barabarani. Kwa hiyo yafaa tujue kampuni ya uchukuzi inapaswa kumfanyia mteja nini wakati wa shida.

Tuchukue Daraja la Karuma. Daraja hilo la mwaka 1963 lilifungwa tarehe 23 Septemba 2024 ili litengenezwe, likafunguliwa tena Desemba.

Kwanza ni habari. Mteja aambiwe mapema, kabla mzigo haujapakiwa, kwamba njia imefungwa na safari itaongezeka siku ngapi. Akijua, ataagiza mapema au atapunguza bidhaa za kuoza.

Pili ni njia nyingine. Mizigo iliyokuwa katika maghala ya Kampala ilibidi izunguke mashariki, ipitie Soroti na Lira. Lakini mzigo uliokuwa bado Malaba ungeweza kupanda Tororo, Mbale, Soroti na Lira bila kufika Kampala, ikiwa karatasi zake ziliruhusu. Kampuni yenye akili hutazama jambo hilo mapema.

Tatu ni ghala. Mzigo usioweza kusafiri uwekwe mahali pakavu penye mlinzi, na iandikwe nani atalipa kodi ya ghala. Tena kontena ni mali ya kampuni ya meli. Siku za kuirudisha zikipita, faini huhesabiwa kila siku. Kampuni ya uchukuzi ndiyo iombe siku ziongezwe, maana mwenye duka wa Koboko hana mlango wa kubisha Mombasa.

Nne ni bima. Machi 2021 meli Ever Given iliziba Mfereji wa Suez siku 6. Baadaye wenye mizigo ndani yake walitakiwa kuchangia gharama za kuiokoa, hata kama mizigo yao haikuharibika. Hiyo ni sheria ya zamani ya bahari. Mwenye bima husaidiwa na kampuni ya bima. Asiye nayo hutoa dhamana ya fedha mwenyewe ndipo apewe mzigo wake.

Sasa, ndugu, tuseme yanayotuhusu sisi. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva walipanga foleni ndefu Malaba wakingoja kupimwa. Mteja aliahidiwa kwamba mzigo wake uko salama. Nani aliulinda? Ni dereva, usiku na mchana. Posho ikiwa ya siku nne na safari ikawa ya siku kumi, dereva mwenye njaa hawezi kulinda mali ya mtu. Kumsaidia mteja bila kumlisha dereva ni ahadi tupu.

Kwa hiyo, kabla ya kupakia, mwulizeni tajiri mambo matatu: posho ya kila siku ya kungoja ni kiasi gani, nani analipa mafuta ya kuzunguka, na matibabu ya njiani ni juu ya nani. Majibu yaandikwe katika mkataba na kutiwa sahihi. Asiyejua kusoma mkataba wake aulete tawini, tutausoma pamoja.