Betri Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Mwezi Juni na Julai, baridi ya Mbeya na Iringa hupunguza kasi ya kemikali ndani ya betri ya gari, na oili iliyokuwa nzito huongeza mzigo wa stata. Gari la familia likikataa kuwaka alfajiri, si lazima betri iwe imekufa. Yapasa kupima kwanza. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia usiku kucha, huwa na volti 12.6 hivi, injini ikiunguruma, alteneta huipandisha hadi 14 hivi. Vipimo hivyo vikiwa sawa, mita iunganishwe kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini, huku stata ikizunguka. Tofauti ikizidi nusu volti, waya umelegea au umeshika kutu. Kuusafisha na kuukaza ni nafuu kuliko betri mpya.