Uendelevu wa Uvuvi na Kazi ya Nchi Kavu: Ukaushaji wa Dagaa katika Mwambao wa Kagunga, Kigoma

Makala hii inajadili dhana ya uendelevu katika biashara ya dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa kurejelea Kagunga, kijiji kilicho kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, karibu na mpaka wa Burundi. Hoja yake ni kwamba uendelevu ukipimwa kwa wingi wa samaki peke yake, kazi ya mkaushaji, ambaye aghalabu ni mwanamke, hubaki nje ya hesabu.

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilisitisha uvuvi ziwani humo kufuatia makubaliano yake na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Msingi wa kibiolojia wa hatua hiyo unaeleweka: dagaa hukua haraka, huishi takribani mwaka mmoja, na wakipewa nafasi ya kuzaliana huongezeka upesi. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulihusisha kupanda kwa joto la maji na kupungua kwa uzalishaji wa ziwa. Mvuvi, basi, si chanzo pekee cha upungufu.

Utata uko katika kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, uvuvi husimama. Mapumziko mafupi ya kila mwezi yamekuwa sehemu ya kazi hiyo tangu zamani. Mkaushaji, kwa upande wake, hutegemea jua. Wakati wa masika dagaa walioanikwa mchangani hulowa, huoza au huuzwa kwa bei ya kutupa. Wakati wa kiangazi huweza kukauka kwa siku moja. Miezi mitatu iliyofungwa imo ndani ya kiangazi hichohicho. Anachopoteza mkaushaji ni siku zake bora za kazi, na ziwa linapofunguliwa mvua haziko mbali.

Kagunga ina ugumu wa ziada. Milima imeubana mwambao, na boti ndiyo njia kuu ya kufika Kigoma. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi waliofurika kijijini hapo walilazimika kusafirishwa kwa maji, wengi wao kwa meli ya Liemba. Shughuli mbadala ni chache.

Leseni humtambua mvuvi, na usajili humtambua mwenye chombo. Mkaushaji hana chombo. Fidia au mkopo wowote utakaogawiwa kwa kufuata daftari hilo utampita, ilhali chanja za kuanikia, zikijengwa kabla ya Agosti 15, zingemwezesha kulitumia vyema jua la wiki chache zinazobaki.