Somo la Useremala: Kerezo Dogo kwa Karakana Finyu

Somo la leo lamhusu seremala mwenye karakana ya chumba kimoja. Angependa kukereza mabakuli, vipini na miguu ya vigoda, lakini husema, "Kerezo ni mashini kubwa, nitaliweka wapi?"

Ndugu, usikate tamaa. Mafundi wa zamani wa pwani walikereza kwa uta, wameketi chini. Leo yako makerezo madogo ya umeme, yanayokaa juu ya benchi lenye urefu wa mita moja tu.

Kabla ya kununua, uliza vipimo viwili. Cha kwanza ni upana wa mti unaoweza kuzunguka bila kugusa kitanda cha kerezo. Cha pili ni urefu wa mti unaoingia kati ya ncha mbili zinazoushika. Katika makerezo madogo mengi upana ni kama sentimita 25, na urefu kama sentimita 40. Basi bakuli la sentimita 22 litapita, na mguu wa kigoda pia. Mguu wa meza wa sentimita 70 hauingii. Huo ukereze vipande viwili, kisha uviunge kwa ulimi na tundu.

Kerezo dogo ni jepesi, na kitu chepesi hutikisika. Lifunge kwa bolti juu ya benchi zito, na chini yake weka sanduku la mchanga. Ncha ziwe sawa na kiwiko chako ukisimama, usije ukaumwa mgongo.

Sasa sikiliza sana. Bakuli la sentimita 25 likizungushwa mara 3,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia kama kilomita 140 kwa saa. Likipasuka, katika chumba finyu utakimbilia wapi? Basi shika hesabu hii: zidisha upana wa mti, kwa sentimita, na mizunguko ya dakika moja, jibu lisizidi 20,000. Kwa bakuli letu ni mizunguko 800. Mti ambao bado haujawa duara uanze chini ya nusu ya hapo.

Kabla ya kuwasha, zungusha mti kwa mkono, uone kwamba haugusi kitu. Ukiwasha, simama kando, usielekeane nao. Vaa ngao ya uso. Usivae glavu wala mikono mirefu inayoning'inia. Kerezo lisielekee mlango, maana mtoto huingia bila hodi. Vumbi nalo lina madhara: fungua dirisha, ufunike pua na mdomo kwa barakoa.

Kazi ya nyumbani: Pima benchi lako. Kisha piga hesabu: mti wa sentimita 10 usizidi mizunguko mingapi kwa dakika? Ukipata 2,000, umeelewa somo. Kwaherini.