Mshale Mfupi Kwenye Namba Yake

Ikifika saa moja asubuhi huko Mpitimbi, Wilaya ya Songea mkoani Ruvuma, mshale mfupi wa saa ya ukutani huwa umeelekea 7. Hakuna anayeshangaa. Macho yanaona saba, mdomo unatamka moja. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku nayo huanza mshale ukiwa kwenye 8. Waethiopia huhesabu hivyohivyo, wakianza na mapambazuko badala ya usiku wa manane. Lakini simu, hata iliyowekwa Kiswahili, kwa kawaida huandika 7:00.

Kasoro hiyo inarekebishika kwa mistari michache ya msimbo, tena ni zoezi zuri kwa anayeanza kujifunza kuandika programu. Lugha inayofaa ni JavaScript, aliyoitunga Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwaka 1995 kwa siku 10 hivi. Leo imo katika vivinjari vya simu na kompyuta.

Tuchore kwenye skrini saa ya mishale ambayo mshale wake mfupi utaelekea namba inayotamkwa. Duara lina nyuzi 360. Mshale wa sekunde husogea nyuzi 6 kila sekunde, wa dakika nyuzi 6 kila dakika, na wa saa nyuzi 30 kila saa. Kwenye huo wa mwisho ndipo wengi hujikwaa. Wakiishia na 30, mshale mfupi huganda dakika 59 kisha huruka ghafla hadi namba inayofuata, kitu ambacho saa ya ukutani haifanyi. Dawa yake ni kuuongezea nusu nyuzi kwa kila dakika iliyopita. Basi 10:30 ya kompyuta inakuwa 300 na 15, yaani nyuzi 315.

Sasa tuingie kwenye Kiswahili. Tofauti ya saa sita ni nusu ya duara, nyuzi 180 kamili. Jumlisha 315 na 180, upate 495. Toa mzunguko mmoja wa 360, zinabaki 135, katikati ya 4 na 5. Saa nne na nusu hiyo! JavaScript haikatai majina ya Kiswahili, kwa hiyo mstari wenyewe unasomeka hivi:

pembe = (saa * 30 + dakika / 2 + 180) % 360

Alama ya asilimia hapo haina uhusiano na asilimia: inaiagiza kompyuta igawanye kwa 360 na kuchukua baki. Mshale wa dakika hauguswi.

Mwendo nao una vituko vyake. Programu ikijihesabia sekunde moja moja, siku kivinjari kitakapolemewa saa itabaki nyuma. Afadhali iulize saa ya kompyuta kila inapochora. Na ukitaka mshale wa sekunde uteleze badala ya kuruka, utashangaa kuuona ukitoka nyuzi 354 kwenda 0 kwa kurudi kinyumenyume duara karibu zima, maana kompyuta inafuata ukubwa wa namba tu. Hapo acha hesabu ipande: 360, 366, 372.

Mwenye hamu zaidi alifuate jua lenyewe. Majira ya Afrika Mashariki yamefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Songea iko karibu na 35.6. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika 4, hivyo jua la Songea hufika kileleni, kwa wastani, dakika 38 hivi baada ya saa sita mchana. Punguza dakika hizo katika msimbo na mishale itakwenda na jua la Mpitimbi, ingawa atakayeitegemea saa hiyo ataachwa na basi.

Walimu wa kompyuta wangefanya vyema kulijaribu zoezi hili darasani. Intaneti haihitajiki: kompyuta moja yenye kivinjari na programu yoyote ya kuandikia maandishi matupu inatosha, mradi faili lihifadhiwe kwa jina linaloishia na .html.