Nilivyoshindana kwa Baiskeli Cape Town

Kwetu Uganda baiskeli ni chombo cha kazi. Huchukua ndizi sokoni, hupeleka wagonjwa kwenye zahanati, na huko mpakani Busia ndiko lilikoanzia jina la "bodaboda", vijana walipokuwa wakivusha abiria na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, nilikwenda kazini kwa baiskeli kila siku. Sikudhani kwamba chombo hicho hicho kingenifikisha Afrika ya Kusini, kushindana na watu wa mataifa mengi.

Mashindano niliyoyaendea mwezi wa Machi, 2024, huitwa Cape Town Cycle Tour. Yalianza mwaka 1978, baada ya wapenda baiskeli wa mji ule kudai watengewe njia zao barabarani. Mwaka huo walianza watu 525, na Lawrence Whittaker alishinda kwa saa 3, dakika 2 na sekunde 24. Siku hizi hushiriki maelfu kwa maelfu, na safari ni ya kilomita 109 kuizunguka rasi. Wengi huenda polepole kwa kujifurahisha. Lakini makundi ya mbele, yapangwayo kwa kufuata muda ambao kila mtu amewahi kuupata, hukimbia kwa kasi ya kutisha, ingawa waliomo ni makarani, mafundi na walimu wachezao kwa ridhaa tu.

Nauli niliiweka akiba kwa miaka miwili. Fedha hizo zingeweza kununua mabati ya nyumba yetu, na mke wangu hakuficha jambo hilo. Alikubali mwishowe, akaniambia, "Baba Watoto, nenda, lakini usije ukaniletea hadithi ya aibu." Kila Jumamosi kabla ya mapambazuko niliendesha kutoka Kampala hadi Entebbe na kurudi, naye akanipikia uji mzito na viazi vitamu. Nia yangu ilikuwa moja: kumaliza kwa saa tatu.

Tulipoondoka mjini nilijitia mbele kama simba. Hata siku ya utulivu, mtu aendaye kilomita 40 kwa saa hujitengenezea upepo wake mwenyewe, na yule wa mbele ndiye aukataye kwa kifua. Anayemfuata karibu hupunguziwa robo ya kazi, au hata zaidi. Mimi niliukata upepo peke yangu kwa majivuno, mpaka mzee mmoja mwenye mvi akanifikia ubavuni. "Kijana," alisema, "kaa nyuma yangu kwanza, kisha nitakaa nyuma yako." Tangu hapo tulipokezana zamu pamoja na wengine kumi hivi. Tulipita Muizenberg na Fish Hoek, tukapita Simon's Town penye kituo cha jeshi la majini, tukapanda mlima wa Smitswinkel bila kutupana.

Katika msafara wa namna hiyo magurudumu huachana kwa shubiri mbili au tatu tu. Aliye nyuma haioni barabara. Humtegemea aliye mbele. Ndiyo sababu kuna sheria: ukiona shimo au kitu chochote, onyesha kwa mkono au piga kelele. Karibu na Scarborough, zamu yangu ikiwa mbele, niliona chupa ya maji iliyoanguka njiani. Nikaikwepa. Mkono sikuunyosha, wala kinywa sikukifungua, kwa kuwa mawazo yangu yote yalikuwa kwenye saa. Nyuma yangu nilisikia mshindo. Mzee yule alikuwa ameikanyaga ile chupa, gurudumu lake likapiga ukingo wa barabara na tairi ikapasuka. Hakuanguka, ila alisimama. Niligeuka nikamwona ameshuka, nami nikaendelea.

Kutoka hapo barabara ni nzuri kuliko zote nilizopata kuziona. Chapman's Peak ilichongwa ubavuni mwa jabali kati ya mwaka 1915 na 1922, bahari ikiwa chini upande wa kushoto. Sikuifurahia. Baada ya Hout Bay ukaja mlima wa Suikerbossie, na hapo misuli ya mapaja ilinikaza kama kamba iliyoloa. Kundi likaniacha. Niliteremka Camps Bay peke yangu, nikiukata upepo tena kwa kifua, safari hii bila majivuno.

Nilimaliza kwa saa 3 na dakika 4. Sikwenda kupumzika; nilisimama penye mstari wa mwisho huko Green Point nikawatazama wanaoingia. Mzee alifika baada ya nusu saa, mikono yake imechafuka kwa mafuta ya mnyororo. Nilimwomba radhi, nikakiri kwamba niliiona chupa. Alinitazama kitambo, kisha akauliza muda wangu. Nilipomjibu alicheka kidogo, akasema, "Mwaka ujao, nyosha mkono."

Ndugu askari, ninyi mnaotembea kwa safu mnalijua jambo hili kuliko mimi: aliye mbele hukopeshwa macho ya wote walio nyuma yake, na deni hilo hulipwa papo hapo. Kwa vijana watakaopenda kwenda kushindana ng'ambo, nashauri wajizoeze kwanza kuendesha katika kundi, wanywe maji kabla ya kiu, na wale kidogo kidogo kabla ya njaa.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote. Alinyamaza, kisha akasema mabati yatanunuliwa kwanza, na mzee yule asingojezwe zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo.